Poda na Chanzo cha Elektroni

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi anafanya kazi kwenye maabara ya kichapuzi, mashine inayokimbiza elektroni. Wanaunda chanzo kipya: chungu cha metali ya niobi kinachopozwa kwa heliamu mpaka umeme upite ndani yake bila kuchoka. Leza inagonga kibamba, kisahani chembamba kilichomo ndani, elektroni zinachomoka zimebanana kama sisi kengele ya mwisho ikilia. Ijumaa kibamba kinawekwa. Shangazi anaruhusiwa kuingia na mtoto mmoja tu. Lazima niwe mimi. Kamusi, mtoto wa baba mdogo, tunayemwita hivyo kwa kujua kila kitu, naye anataka. Juzi alitaka kuwa mwanasheria.

Jumanne, 5 Machi
Mezani Kamusi alitaja kiwango cha baridi cha heliamu bila kupepesa macho. Mimi niliuliza kama elektroni zinasikia baridi. Baba akauliza kama shuleni wananifundisha au wananitunza tu. Nimempigia Shangazi pasi nguo zote, hata soksi.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi kasema punje moja ya vumbi ikitua ndani ya chungu, kazi ya mwaka mzima imeharibika. Kwa hiyo msafi ndiye mshindi. Nimeoga asubuhi, mchana na jioni. Mama kauliza kama naumwa. Nikamdokeza Shangazi, kwa upole, kwamba Kamusi ana mba. Akasema hata yeye anayo, ndiyo maana wanavaa kofia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechaguliwa! Shangazi kasema soksi zilimgusa. Nije nimeoga, basi.

Ijumaa, 8 Machi
Nilioga. Halafu, kwa heshima ya sayansi, nikajipaka poda shingoni, mabegani, na kidogo usoni. Kwenye kijichumba cha kupuliziwa hewa, wingu likanitoka. Mashine ya kupima vumbi ikapiga kelele. Fundi wa mlangoni akauliza kama nimetoka kusaga unga. Shangazi akasema taratibu, mwanangu, toka, usijikung'ute. Nikajikung'uta.
Akaingia Kamusi, aliyekuwa ametusindikiza mpaka mlangoni. Mimi nikabaki nje ya kioo. Kibamba kilipoingia mahali pake nilisahau hata kumwonea wivu. Kwa muda.

Jumapili, 10 Machi
Shangazi kanisamehe. Wataunda chanzo kingine mwakani, na nitapewa nafasi. Nimeelewa kosa langu kabisa: poda. Sitaigusa tena. Ila mle ndani kuna baridi ya kutisha, kwa hiyo nimeanza kutufumia, mimi na Shangazi, sweta za sufu, nene, zenye manyoya marefu. Kamusi kanitazama nikifuma, akacheka mpaka akakaa chini. Wivu tu.