Meza ya Waliokataliwa

Jumatatu, 5 Mei

Wiki ya ushindi imeanza! Madam Sumitra, mwenye duka, anakwenda kwenye maonyesho Nairobi Jumapili. Funguo za duka atamwachia atakayeuza zaidi kufikia Jumamosi: mimi au Jacinta. Rafu za kushoto zangu, za kulia zake. Vinyago ni vilevile, vya mawe laini ya sabuni kutoka Tabaka, lori lilelile. Lakini mimi nina digrii ya isimu. Jacinta ana kicheko tu.

Nimetafuta neno la kumwangusha. Nimelipata: "handpicked". Maana: kilichochaguliwa kimoja kimoja, kwa makini, na mtu anayejua. Anayejua ni mimi. Nimebandika kadi rafu nzima.

Jacinta ameuliza kama viboko wangu wa mawe wamechumwa mashambani Ikonge pamoja na majani chai. Wivu.

Jumanne, 6 Mei

Pigo. Mwalimu Nehemiah wa Nyamira amesoma kadi zangu zote, mikono nyuma kama anasimamia mtihani. Akauliza: ikiwa vyote vimechaguliwa, vilivyoachwa viko wapi? Nikatazama dari. Akaenda kununua kinara cha mishumaa kwa Jacinta. Kwa Jacinta!

Sikula mchana. Nimewaza sana. Mwalimu alisema kweli: neno hili halisimami peke yake. Anayechagua lazima aache kitu. Ninahitaji walioachwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimewapata stoo! Kiboko mwenye tundu moja la pua. Ndovu mwenye masikio yasiyolingana. Twiga aliyegeuza shingo kama mtu aliyekumbuka ameacha ugali jikoni. Nimewapanga kwenye meza yangu karibu na mlango, na kadi: "Hawa hawakuchaguliwa." Sasa rafu yangu inang'aa kwa maana.

Wateja wamesongamana mezani, wanacheka, wanapiga picha. Rafu yangu haijaguswa. Inaheshimiwa.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa. Tata Mokua, mzee mchongaji, amekuja kutoka Tabaka na mzigo mpya. Akamwona twiga wake mlangoni. Akavua kofia. Akaniambia, "Mwanangu, umemweka mtoto wangu nje kama mwizi, na kiboko wa mchongaji mwenzangu Ochoki umempandisha rafuni?"

Nikamweleza maana ya neno. Akasema basi atamtetea twiga mwenyewe. Akavuta kiti, akakaa mlangoni, akimwambia kila mpita njia kwamba yeye ndiye baba yake. Shingo ile, alisema, inamtazama mama yake aliyebaki machimboni.

Mama mmoja alilia. Akamnunua.

Ijumaa, 9 Mei

Habari imefika Tabaka. Wachongaji wamekuja kwa wingi, kila mmoja kumtetea mtoto wake aliyekataliwa. Makelele! Hata wenye maduka ya jirani wameacha kaunta zao kuja kusikiliza. Meza imekwisha, nikaijaza tena, ikaisha tena. Jacinta amesimama pembeni, kicheko kimemkauka.

Saa kumi akaingia Ochoki, amenuna. Viboko wake wote wako kwenye rafu ya "handpicked", na hakuna aliyeulizia hata bei yao. Nikampongeza kwa kuchaguliwa. Akagonga kaunta: "Nimekukosea nini? Na mimi unikatae!"

Nimemwambia hapana. Ana kipaji mno. Ametoka akitikisa kichwa. Si kila mtu anaweza kubeba heshima.

Jumamosi, 10 Mei

NIMESHINDA! Madam Sumitra amehesabu mauzo mbele yetu, akaniwekea funguo kiganjani. Nzito, za shaba. Kati ya wawili, nimechaguliwa mmoja, kwa makini, na mtu anayejua. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno, na sasa mfano wake ni mimi.

Jacinta, maskini, hakuchaguliwa. Madam amesema kwa kuwa hana funguo za kulinda, basi asafiri naye Nairobi wiki mbili, wakae hotelini, asaidie kwenye maonyesho. Jacinta alipiga kelele ya uchungu na kumkumbatia Madam. Nilimpa pole. Akasema asante huku akirukaruka. Huzuni humfanya mtu afanye vitu vya ajabu.

Meza ya mlangoni nimeiondoa, imeshafanya kazi yake. Nimebaki mimi, funguo, na viboko wa Ochoki. Duka limetulia vizuri sana.

Nimeanza kuandika kadi mpya. "Handpicked." Herufi kubwa zaidi.