Miche ya Nour na Maji ya Ndagala

Jumanne, tarehe 7 Oktoba
Nour amepanga miche yake ya michikichi nyuma ya jiko. Ni ya memwari, ile kazi ya kuandika ya kumalizia chuo. Profesa akiikubali, mutoto wangu anamaliza masomo. Akiikataa, anaanza upya. Yenye kitambaa chekundu kaitilia kuvu kwenye udongo, mingine hapana. Eti mche ukisikia njaa unaita kuvu. Jeni zake, yale maagizo uliyorithi kwa wazazi, zinaamka, zinafungua mlango wa mzizi. Kuvu inaingia na chakula, inalipwa sukari. Nikauliza, kwa hiyo munaishindisha njaa makusudi? Ee mama, akasema, usiiguse, maji matupu tu. Njaa! Kwangu!

Ijumaa, 10
Benedicte jirani kachungulia juu ya ukuta. Akauliza kama huko chuoni Bujumbura siku hizi wanafundisha kulima njaa. Michikichi yake imenona kama wake wa vigogo. Nimeunguza wali kwa uchungu.

Jumamosi, 11
Nimewaza. Mche wenye kuvu unakula kwa ajili ya wawili, kama mama mjamzito. Nani anamnyima mjamzito? Na mimi nauza ndagala, maji ya kuoshea samaki iko tele. Nour alipoenda sokoni nikaimwagia ya vitambaa vyekundu. Kidogo tu. Sawa, ndoo. Nitaendelea.

Jumatatu, 24 Novemba
Imenenepa! Nour anacheka peke yake, anasema kuvu inafanya kazi kweli. Nikamwita Benedicte aje achukue chumvi ambayo hakuomba, apite palepale penye miche. Paka wa mtaa mzima wamehamia nyuma ya jiko. Nimesema wanapenda kivuli.

Jumanne, 9 Desemba
Yarabi! Profesa kaja. Kang'oa mche mnono, kaosha mizizi, kaitia rangi, kaichungulia kwa hadubini. Kuvu karibu hakuna! Nour akachungulia na yeye, mara tatu. Mimi nikalia kabla yake, nikamwaga yote: ndagala, ndoo, mjamzito. Profesa akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mche ukishiba hauiti mtu, zile jeni za kufungua mlango zinalala. Akamwambia Nour aandike hilo pia, ni jambo la maana. Ila miche ya kuvu aipande upya, akae nyumbani miezi mingine. Nour akaniangalia. Jicho hilo! Kisha akaangua kicheko, akanikumbatia, akasema nanuka samaki. Memwari imepona, na mutoto anabaki! Murakoze, asante Mungu wangu.

Jumapili, 14
Miche mipya imeshapandwa. Nour kaniapisha mbele ya Benedicte: hakuna maji ya ndagala, hakuna majivu, hakuna mbolea. Nimeapa kwa moyo wote. Lakini iko myembamba, masikini! Mmoja umeinamisha kichwa kabisa. Uji wa soya hakuutaja.