Golikipa wa Tatu na Jina la Mwanangu

Buyenzi, avenyu ya kumi na nne

Kwa Bwana Kocha wa timu ya Viboko wa Rusizi

Kuhusu: golikipa wako anayekaa benchi, na mtoto wangu anayekaa bila jina

Bwana Kocha mpendwa,

Naomba unipokee kama unavyompokea mgeni aliyefika watu wakiwa mezani: najua sikualikwa, lakini sitakula sana. Mimi ni Saliha, mke wa Faridi, yule fundi wa springi za magari. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mahali nilipokosea, soma kile nilichotaka kusema. Barua hii nampa Twalibu, anayetengeneza basi ya timu yenu. Amesema itakufikia haraka, maana basi hiyo haimalizi wiki bila kurudi kwake.

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Sisi wazima, ila mtoto wetu hana jina.

Nikueleze toka mwanzo. Bebe alizaliwa siku Viboko wanacheza. Wanaume walikuwa nje ya materinite wanasikiliza mpira kwenye simu. Nesi alipotoka kumwambia Faridi amepata mtoto wa kiume, ndiyo wakati uleule Viboko walipata kona, na Faridi badala ya kusema alhamdulilahi akapiga kelele, "Kona! Kona!" Wenzake walicheka mpaka wakashika ukuta. Tangu siku hiyo avenyu nzima inamwita mtoto Kona.

Mimi nataka aitwe Massoudi, jina la baba yangu, aliyenibeba mabegani kila mvua ikinyesha ili viatu vya shule visilowe, na hakuwahi kumwona mjukuu wake. Mama mkwe wangu, Bi Houda, anataka Tajudini, jina la mjomba wake, mtu ambaye kwa habari zote nilizopata aligombana na jirani wa kulia, na jirani wa kushoto, na redio. Siku ya saba ilifika, mtoto akanyolewa nywele, jina halikupatikana. Shehe wa mtaa akasema, "Jina ni haki ya mtoto, elewaneni." Akanywa chai, akaenda.

Ndipo Faridi, ambaye ananipenda mimi na anamwogopa mama yake, akaleta dawa ya gereji. Huko gereji wana mchezo wa kwenye simu: kila mtu anachagua wachezaji wa kweli wa Ulaya, na wakicheza vizuri uwanjani, yeye anapata pointi. Faridi akasema na sisi tufanye hivyo, lakini kwa Viboko, kwa sababu Ulaya ni mbali na umeme unakatika. Mama mkwe achague mchezaji mmoja, na mimi mmoja. Mwisho wa msimu, mwenye pointi nyingi anampa mtoto jina. Pesa hatukuweka, ni haramu. Goli moja ni pointi tano. Golikipa akizuia mpira anapata pointi moja kwa kila mpira, akifungwa anapoteza mbili.

Usifikiri nilichagua kama mtu anayenunua nyanya gizani. Nilikuja uwanjani na bebe mgongoni, nikawachunguza wote. Nahodha wenu Khaled anapiga kelele toka mwanzo hadi mwisho. Mwanaume wa namna hiyo akifika nyumbani hasemi neno, nikamwacha. Cirimwami wa nyuma ana mguu mzuri, lakini hawezi kumwachia mwenzake chochote, inaonekana ni mtoto wa mwisho kwao. Espoir mshambuliaji anafunga, sikatai, ila akiguswa kidogo anaanguka na kuanza kuangalia huku na huku nani atakuja kumbeba. Huyo aliachishwa ziwa mapema. Halafu nikamwona Népomuscène. Amekaa kwenye benchi, ametulia, koti lake amemfunika mwenzake aliyetoka na jasho, chupa za maji anagawa yeye. Kifua kama mlango wa duka. Nikajiambia, huyu amelelewa.

Mama mkwe alichagua kwanza kwa heshima ya umri. "Mi nachukua ule Espoir," akasema, "ana miguu ya mutu wa kazi." Mimi nikasema Népomuscène. Faridi alikohoa. Alikohoa mara mbili, Bwana Kocha.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Népomuscène hachezi. Nilidhani siku ile alikuwa anapumzika. Kumbe ni golikipa wa tatu! Mimi sikujua kwamba makipa nao wanapanga foleni kama magari yanayongoja mafuta. Espoir ameshamletea mama mkwe pointi thelathini. Mimi sina hata moja. Naomba kwa unyenyekevu Népomuscène asimame golini kuanzia mechi inayokuja, na zile zinazobaki.

2. Najua kuna wawili mbele yake. Yule wa pili anaumwa goti, Twalibu ndiye kaniambia, basi huyo Mungu amponye taratibu. Yule wa kwanza, tafadhali usifikiri namwombea aumie. Mimi ni mama. Nimemwombea harusi. Awe na ndugu anayeoa mbali, kule Kirundo, harusi ya siku nyingi, na yeye awe ndiye anayesimamia vinywaji. Kama hana ndugu wa kuoa, jirani yangu Consolée, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge, ana binamu watatu wanaotafuta wachumba na yuko tayari kusaidia.

3. Jambo la tatu linamhusu Cirimwami. Faridi amenifafanulia kwamba golikipa hawezi kuzuia mpira usiomfikia. Na mpira haumfikii kwa sababu Cirimwami anaupiga mbali kabla. Kila anapoupiga ananinyang'anya pointi moja mdomoni mwa mtoto. Simwambii aache kazi. Asimame pembeni kidogo tu, kama mtu anayepisha gari. Na wenzake wa nyuma wampishe yeye.

4. Hata hivyo nimefikiri sana wakati nanyonyesha, nikaona hatari. Mabeki wakipisha, wale wengine watapiga mashuti mengi na mengine yataingia, nami nitapoteza mbili-mbili. Kwa hiyo lazima wapinzani nao wawe na adabu. Wapige mara nyingi, lakini taratibu, na wapige kifuani. Kifua kile hakuna mtu atakikosa. Naomba uwaandikie makocha wenzako. Kama ni lazima iwe kwa Kifaransa, Consolée ataandika, amefika sekondari. Akiisoma barua hii alisema, "Saliha, hao wakipiga polepole, watu si wataona wameuza mechi?" Nikamwambia apana, wataona wanaheshimu mtoto mchanga.

5. Kuhusu Espoir, sitaki kumharibia riziki. Afunge. Lakini afunge mazoezini, asubuhi, wakati hakuna anayehesabu. Kila akifunga kwenye mechi, mama mkwe anamchukua mtoto mikononi mwangu anamnong'oneza sikioni, "Tajudini, umesikia? Tajudini." Mtoto anapiga chafya. Mimi naona ni jibu, yeye anasema ni vumbi.

6. Hili ndilo linaniumiza zaidi, na namba zote zilizotangulia nimeandika kwa sababu yake. Kona linaanza kushika. Hapa kwetu mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi sasa ni Mama Kona. Uthmani wa dukani ananiambia mbele ya watu, "Mama Kona, leo nikupe sukari ama sabuni?" Nilipompeleka bebe chanjo, mtu mmoja toka avenyu yetu akaita kutoka mwisho wa foleni, "Kona amelia?" na wamama wote wakageuka kuangalia pembeni mwa ukuta. Nikavumilia. Lakini juzi Uthmani aliita "Kona!" toka ng'ambo ya barabara, na mwanangu akageuza kichwa. Akacheka, Bwana Kocha. Ni mara ya kwanza kucheka kwa kuitwa. Nilisubiri kicheko hicho toka nilipobeba mimba yake, na kimekwenda kwa Kona. Niliingia ndani nikajifanya napanga nguo.

Msimu ukiisha bila mshindi wa haki, kelele zitaanza upya, na katika kelele hizo ni Kona ndilo litakalobaki. Atakwenda kuposa, watauliza, anaitwa nani? Kona. Ya wapi? Ya Viboko.

7. Unaweza kuniambia kwamba nikipewa yote haya Viboko watashuka daraja. Nimelifikiria na hilo. Timu ikishuka, mwaka ujao inapanda, Faridi anasema imeshatokea. Jina halipandi. Jina likishuka juu ya mtoto limeshuka. Kwa hiyo, ukipima vizuri, anayepaswa kuvumilia ni timu.

Na sikusahau kukushukuru. Ukinisaidia, nitakuletea sahani ya pilau siku ya akika, na Népomuscène nitamwekea yake, kubwa, kwa sababu sidhani kama benchi linampa mtu hamu ya kula. Mama mkwe naye sitamwacha na huzuni. Nimeshamwahidi mtoto wa pili ataitwa Tajudini, hata akiwa msichana.

Nisalimie wachezaji wote, na Cirimwami pia, mwambie si chuki. Nisalimie golikipa wa kwanza na ndugu zake wote walio katika umri wa kuoa. Nisalimie dereva wa basi na umwambie kwamba Twalibu anauliza nani aligusa breki. Nisalimie mama watoto wako. Kama ananyonyesha, amuombee mwenzake. Faridi anakusalimu, ila ameomba nisiandike kwamba anakusalimu. Bebe naye angekusalimu, lakini hana jina la kuweka hapa.

Ni mimi ninayekutegemea baada ya Mungu,

Saliha, mama wa mtoto wa Faridi

Nyongeza: Bwana Kocha, subiri kwanza. Nilikuwa nakunja barua hii mama mkwe akatoka uani, mikono imejaa povu la sabuni, akaniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Nikasema ukweli: kocha wa Viboko, juu ya Népomuscène. Akaniangalia, akaangalia barua. "Yani unaandikiana na kocha?" akasema. "Basi ule atacheza. Mi sikai na mutu wa kuanguka-anguka wakati we unachezeshewa wako. Tubadirishane." Nikamgeukia Faridi. Faridi akasema sheria inaruhusu kama wote wawili wamekubali. Kabla mama mkwe hajakausha mikono, nilikuwa nimeshakubali. Akasema kila mchezaji ahame na pointi zake, mchezo usiwe wa ujanja. Nikasema mama, kama unavyotaka wewe.

Kwa hiyo naomba Népomuscène akae pale alipo, benchi linamfaa sana, hewa ni nzuri. Golikipa wa kwanza asiende harusini. Cirimwami asipishe mtu. Wapinzani wapige wanavyojua wenyewe. Na penalti zote, tafadhali, mpe Espoir, hata ile ya mazoezini kama inaweza kuhesabiwa.

Ningekuandikia barua nyingine iliyonyooka, lakini Massoudi ameamka, anataka kunyonya.