Uzinduzi wa Kituo cha Leseni za Wanamuziki wa Jumamosi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Mke wangu mpendwa, Mlezi wa Sanaa Zote. Shemeji yangu, Dalali Mkuu, uliyeketi hapo mbele kwa unyenyekevu wako wa kawaida. Ndugu mwandishi wa habari, naona umekuja mmoja lakini umekalia viti viwili. Na ninyi wanamuziki wa Jumamosi, mnaofanya kazi zenu siku za wiki na kupiga muziki siku za mapumziko, habari za asubuhi! (Ni saa nane mchana. Wachache wanaitikia.) Kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa na apige makofi pamoja na waliotajwa.

Ndugu wananchi, nasimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu nikiwa na furaha isiyo na mfano, kwa sababu kabla ya mimi kuingia ofisini hali ya sekta hii ilikuwa ya kusikitisha. Mtu anashona suruali mpaka Ijumaa jioni, Jumamosi anatundika gitaa begani, anakwenda harusini, anapiga, watu wanacheza, anapewa bahasha yake, anarudi nyumbani kulala. Basi! Hakuna leseni, hakuna kodi, hakuna tathmini, hakuna mrejesho. Watu walikuwa wanafurahi ovyo ovyo. (Kicheko. Mheshimiwa anatabasamu, ingawa hajui kimetoka wapi.)

Ndipo mimi, kwa kutumia mkakati shirikishi na rodimapu ya awamu tisa, nikaunda kikosi kazi, nacho kikaenda ng'ambo ziara ya mafunzo kwa wiki tatu, nami nikaambatana nacho ili kisipotee njiani, tukarudi na somo moja kubwa, kwamba wenzetu leseni zao huziandika kwenye karatasi. Baada ya hapo tukafanya utafiti wa kina. Tuliwahoji wanamuziki hamsini, na kati ya hao hamsini, hamsini na watatu waliiunga mkono kodi hii, jambo ambalo mtaalamu wetu wa takwimu anasema hajapata kuliona maishani. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Kodi yenyewe, ndugu zangu, ni nyepesi kama unyoya. Mwanamuziki wa muda atalipa kodi ya muda, ila kwa kuwa hatujui muda wake unaanza lini na unaisha lini, tumeona busara alipe wakati wote. Kuna tozo ya kupiga, kuna tozo ya mazoezi, na kuna tozo ya kurudia wimbo watu wakiomba, maana hiyo ni faida ya ghafla. Anayepiga mluzi huku akishona tumemwekea kiwango cha katikati, kwa sababu yuko kazini na jukwaani kwa wakati mmoja. Anayeimba bafuni hatozwi kitu, isipokuwa jirani akisikia na kuburudika.

(Nesi, ambaye huimba kwenye harusi siku zake za mapumziko, anauliza kwa sauti: "Na tukiwaimbia wagonjwa je, mheshimiwa?")

Swali zuri sana, sista. Mgonjwa akilala, hiyo ni huduma. Akitikisa mguu, hiyo ni burudani, utalipa.

Sasa nasikia maneno ya chini kwa chini kwamba masharti ya leseni ni magumu. Niseme ukweli, maana mficha uchi hazai. Masharti ya muziki hatukuwa nayo, na muda ulikuwa umetubana, kwa hiyo tulichukua masharti ya bucha, ambayo yalikuwa tayari kabatini na yamefanya kazi vizuri miaka mingi, tukafuta neno nyama, tukaandika muziki. Ndiyo maana mwombaji anatakiwa awe na chumba chenye vigae vyeupe hadi kimo cha mtu, wavu wa kuzuia nzi, ndoana zisizoshika kutu, na chombo chake kigongwe mhuri wa bwana afya upande wa paja. Gitaa lisilo na mhuri ni gitaa la vichochoroni, hatujui limechinjwa wapi. Na ndiyo maana mwezi uliopita vijana wangu waliingia ukumbini katikati ya wimbo wakachukua magitaa, ngoma na vinanda, wakavipeleka stoo. Hawakufanya kwa chuki. Walifanya kwa ajili ya afya ya walaji.

(Fundi cherehani anasimama, kofia mkononi, tepu ya kupimia bado iko shingoni. "Mheshimiwa, samahani kidogo. Gitaa langu ni mojawapo. Keshokutwa binti wa marehemu dada yangu anaolewa. Lile gitaa nilinunuliwa na huyo dada, mama yake. Alipokuwa anaumwa aliniambia, kaka, siku ya mwanangu mimi sitakuwepo, wewe utanipigia. Mimi ndiye mjomba, mheshimiwa. Vigae nimeweka, wavu nimeweka, ndoana nimefunga. Mke wangu ananicheka, wateja wanaingia kuniuliza bei ya maini. Umebaki mhuri tu. Gitaa nitalipata leo?" Watu wanacheka, kisha wanamgeukia Mheshimiwa.)

Fundi, umenigusa. Hata mimi ni mjomba wa watu, na kama si protokoli ningetoa chozi hapa hapa. Lakini tusichanganye hisia na mchakato, haraka haraka haina baraka. Gitaa lako lilipokewa, likakaguliwa, likaingizwa kwenye mfumo, na nakuhakikishia kwamba tangu litengenezwe halijapata kushughulikiwa na maofisa wengi kiasi hiki. Keti, fundi. (Fundi haketi.) Au simama, hilo nalo tunaliruhusu.

Kituo hiki ninachokizindua, ndugu wananchi, ndicho jibu la maswali yote ya namna hiyo. Kina madirisha kumi na mawili ya huduma, ukumbi wa kusubiri wenye feni, na chumba maalumu cha kunyonyeshea saini. (Mke wake anamnong'oneza kitu.) Cha kunyonyeshea, na kingine cha saini. Mwanamuziki ataingia kwa mlango huu akiwa mtu wa kawaida, atatokea upande wa pili akiwa mdau. Historia itaniandika kwa kazi hii, na ikichelewa nitaiandika mwenyewe.

Nikisema "Leseni kwanza", nanyi mseme "Muziki baadaye". Leseni kwanza! (Safu ya mbele: "Muziki baadaye!") Kodi yako! (Safu ya mbele: "Raha yetu!") Naona nyuma hamjachangamka, lakini tutawafikia katika awamu ya tano.

Namalizia kwa shukrani, maana shukrani ya punda ni mateke, nami si punda. Naishukuru shule ya jirani iliyotuazima mlango huu pamoja na fremu yake. Naomba utepe ukikatwa asitokee mtu wa kuusukuma mlango, maana umeegemezwa gogo kwa nyuma, na baada ya gogo ni nyasi tupu. Kituo chenyewe kitafuata, pale bajeti yake iliyotumika kukizindua itakaporudi. Nawashukuru nanyi wanamuziki kwa kuitii kwa moyo mmoja sheria ambayo bado hatujaiandika, uzalendo wa namna hiyo ni adimu. (Minong'ono.) Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu dalali, ambaye juzi alivinadi vyombo vyote vilivyokuwa stoo, na hata akanunua vichache yeye mwenyewe ili kuuchangamsha mnada. Bila mnada ule leo tungeketi juani. Fundi, gitaa lako peke yake limelipia turubai hilo lililo juu ya kichwa chako. Kwa hiyo keti, ndugu yangu, kaa kwa raha zako, kivuli hicho ni chako kabisa.

(Fundi anatoka chini ya turubai, anasimama juani. Nesi anamfuata. Mmoja mmoja wengine nao wanatoka, mpaka kivulini inabaki safu ya mbele na viti vitupu.)

Asanteni. Asanteni sana kwa kusimama wote kwa heshima yangu. Haya, nileteeni mkasi.