Bangili za Waya na Baiskeli ya Marehemu Bienfait

Habari hii nilipewa na Pélagie, jirani yangu wa Juru, huku makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2012, siku tuliyokuwa tunapura maharage na vumbi likitukaba koo. Yeye aliyaona mambo haya kwa macho yake, maana ndiye aliyebeba kikapu cha waya. Basi mkikuta uongo humu ndani, jueni ni wa Parfait. Sisi wengine tumeubeba tu.

Parfait huyo alikuwa kijana wa Uvira. Watu wengine walifika Nakivale na sufuria, wengine na godoro, yeye alifika na mdomo, na mdomo huo ukamlisha vizuri. Shamba alilopewa lilikuwa na magugu yanayomzidi kimo. Lakini ikifika saa ya kula, alisimama njiani, akaangalia moshi wa majiko, na kwa rangi ya moshi peke yake alijua nani ameivisha na nani bado anapuliza.

Siku moja moshi ulimpeleka kwa Mama Georgette. Mjane huyo alijulikana Juru nzima kwa vitu viwili: maneno, na baiskeli aliyoachiwa na mumewe, marehemu Bienfait. Maneno yake hayakuwa na breki. Baiskeli ilikuwa nazo, mbele na nyuma, na kila siku ya soko ndiyo iliyombebea gunia la maharage. Bila baiskeli ile, maharage yangebaki nyumbani mpaka yaote, na Georgette angebaki kuyatazama.

Alimkuta mlangoni anakunja waya. Ulikuwa waya wa umeme uliochunwa ngozi, unang'aa kama kitu cha kanisani. Georgette aliuzungusha kwenye chupa ya soda upate uduara, akazipishanisha ncha mbili, halafu kila ncha akaiviringisha kwenye upande wa mwenzake, mara tatu, bila kukaza sana. Mwisho akaning'iniza kikorokoro: kifungo cha shati na gamba dogo la konokono wa ziwani. Akavuta, bangili ikapanuka. Akasukuma, ikabana, akaitupa kikapuni pamoja na nyingine.

Parfait, aliyekuwa ameshapewa sahani ya maharage, aliacha kutafuna.

"Tantine, hii inaenea mutu gani?"

"Mutu yote! Mutoto, mama munene, hata askofu. Unavuta, unasukuma, basi. Na si kazi, hata wewe unaweza fanya ku nyumba yako, kama ungekuwa na nyumba. Dada yangu alikuwa anafanya ya shaba, lakini shaba inaletaka kijani ku mukono, na tena ule bwana yake..."

Parfait hakusikia habari za bwana wa dada. Alikuwa amenyamaza, na watu wa Juru wanajua: Parfait akinyamaza, shika mfuko wako.

"Tantine, nipe hizi zote, nitakuuzishia Mbarara. Unipe na velo, ni mbali."

"Velo ya Bienfait?"

"Itarudi inang'aa."

Georgette aliitazama baiskeli, akamtazama Parfait. Kwa mara moja katika maisha yake alikosa la kusema, na ndipo kosa lilipopita.

Jambo la kwanza Parfait alilolifanya mjini Mbarara lilikuwa kuiondoa baiskeli. Alikwenda mtaa wa Nyamityobora kwa Gatete, muuza nguo za mitumba, ambaye alikuwa ametundika mlangoni koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu, koti la bwana arusi wa nchi baridi. Parfait alilivaa, akajiona kwenye kioo, akajiamkia. Hakuwa na pesa.

"Basi shika velo hii," alimwambia Gatete. "Nitakuja kuikomboa."

"Kila anayeacha kitu hapa anasema hivyo," alisema Gatete, akaining'iniza baiskeli juu ya mlango kama ndizi.

Akiwa na koti lake, Parfait alijisogeza mpaka karibu na lango la kambi ya jeshi. Hapo wake za askari walikuwa wanapumzika kwa Yayeri, mama wa chapati, mwanamke mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Wengi wao waume zao walikuwa misheni ya kulinda amani, Somalia.

"Hizi si bangili za kuuza ovyo," Parfait alianza, akizificha hapo hapo alipozionyesha. "Nimerithi kwa babu. Bwana yako akitulia kule aliko, inakaa imekubana. Akiangalia pembeni, inalegea yenyewe."

"Banange!" alisema Yayeri. "Bwana yangu iko Somalia. Sasa hii ka-waya itamfikia namna gani?"

"Nyabo, simu inamfikia?"

"Ee."

"Na ndani ya simu kuna nini? Si waya?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kufungua simu akakuta kitu kingine. Kabla chapati hazijapoa, kikapu kilikuwa kitupu.

Msomaji anayefua nguo anajua kilichofuata. Mkono ukiingia kwenye povu, waya unateleza. Kabla ya mwezi kuisha bangili zote za kambi zilikuwa zimelegea, na kule Somalia wanaume waliolala mchangani na bunduki zao, wasio na hata paka jike wa kumtupia jicho, wakaanza kupigiwa simu za matusi. Koplo mmoja aliulizwa jina la huyo mwanamke mpaka akalitunga.

Na Parfait? Parfait alirudi kukaza. Alishika mkono, akafumba macho, akanong'ona, akasukuma waya kwa kidole gumba. Kwa huduma hiyo alipewa nyama, mchele na soda. Alinenepa mpaka koti likaanza kumlalamikia mgongoni. Georgette alipoulizia baiskeli, jibu lilikuwa tayari: "Bado banaiwekea kiti mupya, Tantine." Wiki nyingine ni kengele. Wiki nyingine ni rangi. Georgette alikuwa anabeba maharage kichwani, anahesabu vipuri.

Halafu Sajini Ignatius, mume wa Yayeri, akarudi likizo. Yeye ni mtu mkubwa, mpole, anayekoroma kama lori kwenye mlima. Alasiri moja alikuwa amelala barazani, na Yayeri anafua hatua chache kutoka kwake, bangili ikalegea ikamwangukia kwenye beseni. Yayeri alimtazama mumewe: mdomo wazi, inzi puani. Akaitazama bangili. Akalitazama povu. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akapanga.

Parfait alipokuja kukaza, Yayeri alimpokea kwa unyenyekevu wa kutisha.

"Mwalimu, wewe nachoka bure. Tufundishe sisi tutengeneze hii kitu nyumbani. Wamama wote watakuja. Tutakupa mbuzi."

"Mbuzi mzima?"

"Na kamba yake."

Tumbo la Parfait lilikubali kabla kichwa hakijaulizwa. Alipofika njiani ndipo kichwa kikamkumbusha kwamba hajawahi kukunja hata waya wa kuanikia nguo.

Akakimbilia Juru. "Tantine, kuja tufundishe. Nimesema kazi ni ya kwangu, kwa hiyo wewe utakuwa musaidizi wangu. Bubu."

"Bubu nani?"

"Wewe. Ukisema neno moja, batajua. Ukinyamaza mpaka mwisho, jioni unarudi na velo yako. Naapa."

Kumwambia Georgette anyamaze ni kama kumwambia jogoo asubiri saa tatu. Lakini alifikiria gunia lile kichwani. "Nitanyamaza," alisema. "Na Pélagie atanisindikiza, aone vile nilivyonyamaza, maana hakuna mutu atasadiki."

Siku yenyewe walikaribishwa kwenye ukumbi wa maombi wa kambi. Wanawake walijaa mpaka madirishani, mbuzi kafungwa kwenye nguzo, na Ignatius kakaa mlangoni, kwa sababu naye alikuwa na swali lake. Parfait akasimama mbele na koti lake. Georgette akakaa chini na chupa ya soda na koleo, midomo kaibana kama mfuko wa sukari.

"Kwanza tunafikiria mume," alitangaza Parfait. Mikono ya Georgette ikakata waya. "Tunamfikiria kwa kushoto!" Mikono ikakunja kulia. "Sasa tunaviringisha mara... mara nyingi!" Mikono ikaviringisha mara tatu, ikaonyesha vidole vitatu kwa hasira. Wanawake walikuwa wameshaacha kumsikiliza mwalimu, wanafuata mikono tu, na haikuchukua muda kila mmoja alikuwa na bangili mkononi aliyoikunja mwenyewe, hii na kifungo, ile na shanga, nyingine na ufunguo wa kufuli lililopotea. Ya mfano, Georgette aliipimia mkononi kwa Parfait mwenyewe, akaisukuma kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," alisema Yayeri, "yangu ililegea bwana iko mbele yangu, nalala. Hiyo ni nini?"

Ignatius akanyoosha shingo.

"Alikuwa anaota," alisema Parfait.

Wanawake wote wakamgeukia sajini.

"Mimi?" alipiga kelele Ignatius. "Mimi niliota pensheni!"

Vicheko vikabomoka. Parfait akajiona ameshinda, na mtu akijiona ameshinda hulegea kuliko bangili. Yayeri akamkaribia, akalishika koti kwenye ukosi. "Na hii koti tamu hivi, mwalimu, ulitoa wapi?"

"Hii? Kwa Gatete, Nyamityobora. Sikulipa hata shilingi. Nilimuachia ka-velo kamoja ka kizee..."

Koleo likaanguka sakafuni.

"VELO YA BIENFAIT?"

Kila mtu aligeuka. Bubu alikuwa amesimama, mdomo wazi, kidole kimemwelekea mwalimu. Mwingine angekimbia. Lakini Parfait, tumpe haki yake, alikuwa fundi. Pélagie anasema hakupepesa hata jicho.

"Muujiza!" alilia, akapiga magoti na kuinua mikono. "Bubu amesema! Mumeona? Bangili imefungua ulimi!"

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, nyimbo, mama mmoja akaanguka juu ya mwingine. Watu wakaanza kuweka sadaka kwenye kikapu cha waya, na Parfait, kwa jicho moja lililofumbuka, akaona kwamba siku hii ni nzuri kuliko alivyoomba.

Kisha mtu akasema kutoka nyuma, "Ushuhuda!"

Na wote wakaitikia, "Ushuhuda! Aliyepona ashuhudie!"

Hapo ndipo baridi ilipomwingia Parfait chini ya koti. Maana katika makanisa yetu mtu akitoa ushuhuda hakatizwi. Mchungaji hamkatizi, mume hamkatizi, mvua ikivujia ndani inasubiri. Na aliyepewa ruhusa hiyo ni Georgette, ambaye hajasema tangu asubuhi.

"Bwana asifiwe!" alisema Georgette.

"Amina!"

"Asifiwe tena! Bapendwa, ulimi yangu ilifungwa. Ilifungwa na nini? Na velo! Velo ya bwana yangu, Bienfait, mutu mwenye hakukopa chumvi. Sasa hivi ulimi ilipofunguka, nimeonyeshwa fasi velo iko. Iko Nyamityobora, kwa Gatete!"

"Yesu!" wakapiga yowe wanawake. Kwamba jina hilo Parfait alikuwa amelitaja dakika ile ile, hakuna aliyekumbuka. Kwenye muujiza watu hawashiki vitu vidogo.

"Nimeonyeshwa tena. Bangili inalegeaka juu ya sabuni. Bwana zenu bako batu bazuri, mubaombe musamaha!"

"AMINA!" alijibu Ignatius, kwa sauti iliyomfanya mbuzi akate kamba nusu.

"Na ule mwenye alifungua ulimi, ndiye atafungua velo. Leo, na ile koti yake. Asipoenda..." Georgette akasimama. Akashika mdomo. Macho yakamtoka. "Mm," alisema. "Mmm."

"Unafunga!" walilia wanawake. "Ulimi unafunga tena!"

Parfait alitazama huku na huku. Akisema hapana, muujiza ni wa uongo, na hapo kuna askari. Akisema ndiyo, koti limekwenda. Alimtazama Georgette, na juu ya kile kiganja alichoufunika nacho mdomo aliona macho mawili yanacheka. Fundi akamtambua fundi.

"Twende, mwalimu," alisema Ignatius, akimshika kiwiko kwa upole wa mkono wenye uzito wa jiwe la kusagia. "Mama asirudi bubu."

Walikwenda Nyamityobora kwa maandamano, wakiimba. Gatete alipoona jeshi, wanawake na mbuzi wanakuja, aliishusha baiskeli kabla hajaambiwa. Koti akalipokea, akalinusa kwapani. "Limechoka," alisema. "Na baiskeli imekula nafasi yangu miezi. Niongezeeni huyo mbuzi."

Mbuzi akabaki. Sadaka Yayeri alishamkabidhi Pélagie, pamoja na kikapu. Alipomuaga Georgette alimvuta pembeni.

"Nyabo, ushuhuda yako ilikuwa tamu. Kuja tena utufundishe ingine. Lakini kuja na mdomo yako."

Lori la matoke likawabeba mpaka Kabingo, na kutoka hapo Georgette alisukuma baiskeli yake mwenyewe, Parfait nyuma na singlendi, Pélagie katikati na kikapu. Njia nzima Georgette aliyalipa maneno ya siku nzima, na riba. Alisimulia maisha ya Bienfait tangu kuzaliwa. Juru walipofika Bienfait alikuwa ndiyo kwanza anaota meno.

Akampikia Parfait maharage, maana kumnyima mtu chakula hakujua. Akamtandikia mkeka jikoni, akaiingiza baiskeli ndani, akaiegemeza kwenye kitanda. Pélagie alikuwa ameshasinzia na kikapu mapajani. Kupitia ukuta Georgette aliendelea: "...na ile siku akanunua velo, akaniambia, Georgette, panda nyuma, nami nikamuambia, Bienfait, mimi..." Na hapo, katikati ya neno, akalala.

Parfait akabaki peke yake na bangili yake. Akaiangalia. Ilikuwa imelegea.

Mke hakuwa naye. Mchumba hakuwa naye. Alijua ni waya, alijua ni sabuni, alikuwa amenawa mikono muda si mrefu. Hata hivyo akaketi, akawaza ni nani huyo, na wapi, anayeangalia pembeni. Akaisukuma ikabana. Akasubiri kidogo, akaiangalia tena. Ilikuwa palepale. Akaishika kwa mkono wa pili, kwa uhakika, akalala.