Ridhaa Yangu ya Kikwe

Jumapili, 5 Oktoba
Leo nimeokoa shahada yangu! Utafiti wangu unahusu haki ya mgonjwa kukataa matibabu, na Ijumaa kamati ya maadili ya chuo inataka ridhaa ya washiriki. Bila hiyo narudia mwaka. Evelyn, tunayesoma naye, anazunguka kijiji cha Kikwe nyumba kwa nyumba, viatu vimejaa tope. Mimi? Nimemwomba mchungaji anisomee tangazo ibadani. Kisha nikasimama, nikauliza kama wanakubali. Usharika mzima: Amina! Evelyn ana watu sita tu. Nimemwonea huruma, kidogo.

Jumatatu, 6 Oktoba
Uonevu mtupu! Dk. Marta, msimamizi wangu, anasema Amina si ridhaa. Eti tangazo la ng'ombe aliyepotea nalo lilijibiwa Amina. Ni kweli, lakini ng'ombe hasomi shahada! Nimekasirika hadi chai imenishinda. Anataka nikamwulize kila mtu peke yake, na kila mtu awe huru kukataa. Huru kukataa! Kwa mtindo huo nani atahitimu?

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeanza kwa Bibi Elinipa, jirani wa kanisa. Shikamoo, marahaba, maziwa mgando. Nikamweleza kwa upole. Akauliza itakuwaje akikataa. Nikamjibu hawezi kukataa, huu ni utafiti wa haki ya kukataa.
Akakataa.
Akasema kwenye zahanati moja mjini walimtoa damu bila kumwambia ya nini, akanyamaza kwa heshima, na hadi leo inamuuma. Sasa amepata wa kumkatalia. Kwa nini mimi? Sindano nilishika mimi? Kufika kwa Yona, nyumba ya pili, habari imenitangulia. Naye kakataa, tena anacheka. Kitongoji kizima kimekataa. Watu wale wale wa Amina! Wanafiki wakubwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dk. Marta amecheka hadi akavua miwani. Anasema hayo ndiyo matokeo yenyewe: bibi ameanza kuitumia haki yake. Nirudi nimwombe radhi, kisha nimwombe ruhusa ya kuliandika hilo. Nimwombe radhi kwa lipi? Evelyn kasikia, akakimbilia kwa bibi, akamsikiliza mchana kutwa. Bibi kakubali, na juu ya hayo kampa mkungu wa ndizi. Kaiba mshiriki wangu! Na huyu ndiye anayesomea maadili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kamati inakaa saa kumi. Hatimaye nimegundua kosa langu: nilikuwa nawauliza watu walio macho.
Mama alijilaza kwenye kochi baada ya makande. Nikapiga magoti kando yake, nikamsomea haki zake zote neno kwa neno, kwa sauti ya chini, nisimwamshe. Nikasubiri kwa adabu. Hakupinga hata moja. Mshiriki wa kwanza, mwelewa kabisa!