Mgodi wa Ugali wa Leah

Ijumaa, 19 Desemba

Leah amefika leo kwa basi. Nimempokea stendi ya Shelui. Ana miaka minane na ni mwembamba kama fito. Kanipa shikamoo kwa sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Nikampa soda. Akaimaliza. Nikampa hindi la kuchoma. Akalishika njia nzima mpaka nyumbani, kama tochi.

Baba yake, mdogo wangu Andrea, kapiga simu kutoka Dar. Daktari kasema damu ya mtoto iko chini. Ale mboga za majani, maharage, dagaa. Yeye anakula chipsi na biskuti, basi. Kama likizo hii kwa bibi yake haitaleta mabadiliko, Januari huenda akalazwa. Sauti ya Andrea ilikuwa inakatika, na si mtandao. Nikamwambia alale usingizi, kaka yake nipo. Mpaka Krismasi mtoto atakuwa anadai mboga mwenyewe!

Mama alikuwa anasikiliza. Akaniambia neno kwa Kinyiramba ili Leah asielewe. Mimi nimeelewa. Sitaliandika.

Habari nyingine: kesho anakuja shemeji Evodia, mke wa mdogo wetu Hosea, kutoka Mungaa, na watoto wake. Sina neno naye. Ila watu humsifia mapishi mpaka inachosha. Hakuna anayekumbuka kwamba mimi, Sostenes, nilihudhuria semina ya lishe.

Jumamosi, 20 Desemba

Mpango umeanza. Watoto wa mjini wanapenda vinywaji. Basi! Nimepika mlenda, ile mboga yetu inayovutika, nikatia sukari na rangi ya keki, nikaujaza kwenye chupa ya soda. Nikautangaza kama juisi mpya ya kijani.

Mlenda haukutoka chupani. Nikainamisha chupa. Haukutoka. Nikaigonga kitako. Ukatoka wote kwa pamoja, kama nyoka, ukamwangukia kifuani Derick, mtoto mkubwa wa Evodia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye bodaboda akiwa na shati la safari.

Leah akacheka! Kwa mara ya kwanza tangu aje. Lakini kunywa, hakunywa. Ikabidi ninywe mimi ili kuonyesha mfano. Nimejuta.

Evodia aliniamkia kwa heshima, akauliza ni dawa ya nini. Nikasema ni utafiti. Akasema pole na kazi.

Jumapili, 21 Desemba

Baada ya ibada, mpango wa pili. Kila mtoto atakayemaliza bakuli la maharage anapewa biskuti. Walikubali haraka mno. Nilitakiwa kushtuka hapo.

Mabakuli yakarudi meupe, nami nikagawa biskuti kwa fahari. Nikampigia Andrea kumpa habari njema. Nikiwa bado kwenye simu nikamwona mbwa wetu amelala nyuma ya ghala, tumbo limejaa kama ngoma, anahema kwa shida na mchuzi wa maharage puani. Mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Jambo dogo nalo nililiona. Evodia alikuwa ameketi kwenye mkeka anabangua karanga. Hakumwita mtu. Leah akasogea, akauliza hizo zinatoka mti gani. Evodia hakucheka. Akamwambia zinatoka chini ya ardhi, akamletea shina kavu lililobaki shambani lenye maganda yake. Leah akashangaa kwamba chakula kinaweza kufichwa hivyo. Kisha akapewa kinu kidogo, akatwanga, akalamba kidole. Akalamba tena.

Nadhani ni bahati tu.

Jumatatu, 22 Desemba

Si bahati. Niseme ukweli humu ndani, maana hakuna anayesoma.

Asubuhi Evodia aliwapeleka watoto wote bustanini na vikapu. Hakuwaambia mboga zina faida gani. Aliwaambia tu kila mmoja achume anachotaka kupika yeye mwenyewe, na akipe jina. Leah alirudi na majani ya maboga na majani ya kunde, magoti yamejaa udongo, anaongea! Anaongea kama redio!

Evodia akampa kisu kidogo, akamwonyesha kukunja vidole ili makali yasivifikie. Nikapinga. Kisu si cha mtoto. Nikachukua nyanya niwaonyeshe namna ya kitaalamu, nikajikata kidole. Leah ndiye aliyenifunga kitambaa. Akaniambia, “Pole baba mkubwa. Ungekunja vidole.”

Halafu yakaja makubwa. Derick alikuwa anawasimulia wenzake kuhusu wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke, jinsi wanavyoshuka shimoni. Leah alikuwa anasikiliza. Akachukua ugali wa mtama, akaufinyanga mlima. Akatoboa juu, akajaza boga la njano alilolisaga na karanga, akaziba. Akazungusha majani ya kunde chini, huo ndio msitu. Akamwaga maharage kwenye miteremko, hayo ndiyo mawe. Kisha akatoa sheria kwa ukali wa meneja wa mgodi: hakuna kugusa dhahabu kabla hujala mawe na msitu wote.

Walichimba kwa vidole. Walikula mawe. Walikula msitu. Dhahabu ilipotokea, walipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Leah kala mlima wake, akafinyanga mwingine.

Evodia alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, anatazama tu. Mtu mwingine angejisifu. Mimi ningejisifu. Yeye akaulizia chumvi kama imetosha.

Jumanne, 23 Desemba

Sikupata raha jana baada ya chakula. Wivu si mzuri, lakini ndio niliokuwa nao.

Leo nikampigia Andrea, nikamwambia mtoto anakula, na kwamba nimebuni chakula cha mgodi. Neno “nimebuni” lilitoka lenyewe. Andrea alifurahi mpaka akaomba picha yangu nikipika.

Nikafunga aproni ya Mama. Nikashika mwiko. Nikamwomba Leah akae karibu na atabasamu. Akakataa, akasema picha ya uongo haifai, nipike kwanza. Watoto wote wakaunga mkono. Nikapika.

Mlima wangu ulisimama vizuri. Kisha ukapasuka ubavuni. Kisha ukalala. Derick akapaza sauti kwamba mgodi umeporomoka, na kundi zima likaja mbio na vijiko kuokoa wachimbaji. Wakauokoa mpaka sahani ikabaki tupu.

Leah akanionea huruma. Akanifundisha: lowesha viganja, usibane sana, zungusha sahani na si mikono. Mtoto huyu alifika hapa Ijumaa hajui karanga inatoka wapi! Mlima wangu wa pili ulisimama. Ni mwalimu mzuri. Picha nzuri pia, nimetoka vizuri.

Jumatano, 24 Desemba

Kikao cha Krismasi. Evodia kapendekeza karamu nzima ipikwe na watoto. Mama kakubali papo hapo. Jirani yetu Sikudhani kasema atakuja na wanawe na sinia lake kubwa, sikukuu ya jirani ni yake pia.

Mimi nikaona aibu inakuja. Andrea kanitumia ujumbe kwamba yuko njiani, anataka kufika mchana wa Krismasi. Mtu anatoka Dar, halafu anakuta mtama na majani? Nimeagiza Shelui kwa siri. Chipsi, ndoo nzima. Zitaingia wakati wa chakula. Nitaonekana mkombozi.

Alhamisi, 25 Desemba

KRISMASI.

Niandike walichopika, maana sijawahi kuona. Kuku wa kienyeji aliyepakwa ndimu na kitunguu saumu, kazi ya Derick, ambaye alimgeuza jikoni kwa uangalifu wa daktari. Dagaa wa kukaanga kwa mafuta yetu ya alizeti. Mlenda wa karanga, mzito, mtamu, haufanani na ule wangu hata kwa jina. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, ya kuchovya kwenye asali. Maembe yaliyokatwa nyota, na wadogo kabisa ndio waliokata. Juisi ya ubuyu. Na katikati, kwenye sinia la Sikudhani, safu nzima ya milima ya ugali, kila mtoto na mgodi wake.

Andrea akaingia na begi. Leah akamkimbilia, hakumkumbatia, akamshika mkono akamvuta mpaka kwenye sinia.

“Baba, kaa. Unaanza na mawe.”

“Mawe gani, mama?”

“Maharage. Ukimaliza, msitu. Usidanganye, nakuangalia.”

Andrea akala. Leah akala naye, mlima mmoja, wanachimba kila mtu kutoka upande wake, mpaka vidole vikakutana kwenye dhahabu. Andrea akageuza uso, akajifanya moshi umemwingia machoni. Tulikuwa nje na hakukuwa na moshi.

Hapo hapo bodaboda ikafika na ndoo yangu. Nikasimama, nikafunua kwa mbwembwe. Watoto wakatazama. Mmoja wa Sikudhani akauliza kama kuna kitu ndani cha kuchimba. Nikasema hapana. Wakarudi kwenye milima. Leah akaniambia kwa upole, “Weka hapo, baba mkubwa, asante.” Zilipoa. Nimezila mimi.

Kisha Andrea akasimama, akanishukuru mbele ya watu wote kwa kubuni chakula kilichomrudishia mwanawe. Mama ananitazama. Leah ananitazama. Derick kafungua mdomo. Nikasema kwa kweli ni shemeji na Leah, mimi nilikuwa msimamizi. Evodia akacheka, akasema usimamizi nao ni kazi, akaniwekea paja la kuku. Huyu mwanamke hana hata chembe ya ubaya. Inasumbua.

Jumatatu, 5 Januari

Tumetoka kituo cha afya, sote. Damu ya Leah imeanza kupanda! Nesi kasema aendelee hivyo hivyo, kulazwa hakuna haja. Andrea kamwomba arudie. Evodia kalia. Leah kamweleza nesi namna ya kufinyanga mlima, na nesi kaacha foleni ya wagonjwa akawa anasikiliza.

Nimefikiri sana juu ya haya yote, na nimefikia uamuzi: familia hii inahitaji mtu wa mipango.

Maana leo wamempima na Mama. Presha iko juu, apunguze chumvi. Evodia kapendekeza tukae naye jikoni, tumuulize anapenda ndimu au tangawizi, apike mwenyewe mpaka apate ladha anayoitaka. Nikamwambia Mama si mtoto. Kwa mtu mzima inatakiwa akili.

Nimeimwaga chumvi yote. Kopo nimelijaza unga wa sembe, umesagwa laini, hauna tofauti kabisa kwa macho. Mama ameanza kupika mboga ya jioni.

Sasa ananiita. Anatumia jina langu lote, mpaka la ubatizo. Bila shaka anataka kunishukuru.